Kanga Isiyo na Mwenzake



Wengi wenu mnafahamu kwamba kando ya kabati la vitabu, hapa nyumbani Ihanja, kuna sanduku la bati, na kwamba ndani ya sanduku hilo mna kanga. Baadhi yenu mmenitania mara nyingi, mkiuliza padre anakusanya kanga za nini, naye hana wa kumvisha. Juma hili napenda niwajibu kwa utulivu, kwa kuwa swali hilo limepata uzito mpya tangu walipoanza kupita vijijini kwetu watu wanaonunua kanga za zamani.

Kanga hizo hazikuanza kwa kutafutwa. Katika vigango vyetu, mama akitaka kushukuru huleta alichonacho: kuku, debe la uwele, karai la alizeti, au kanga. Zilizo mpya huwafikia wenye kuhitaji upesi sana. Lakini mara kwa mara mama mzee huleta iliyochakaa, pindo lake limefifia, akasema, "Itunze hii, Baba, haina tena wa kuivaa." Hizo ndizo nilizozihifadhi, na leo ni vipande 41. Kila kipande kimeshikizwa karatasi kwa uzi, na juu ya karatasi nimeandika mambo manne: ilikuwa ya nani, alipewa na nani, mwaka gani, na kwa sababu gani. Nikiambiwa nyumba inaungua na niokoe kimoja tu kati ya vitambaa na karatasi, ningechukua karatasi. Naomba nieleze kwa nini.

Kwanza tukumbuke kanga ilikotoka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakivaa kaniki, na merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu kutoka Marekani. Madukani zilikuwapo pia leso, vitambaa vidogo vya mraba vilivyouzwa vikiwa bado havijakatwa. Hata jina lenyewe tulilipata kwa Wareno. Wanawake wenye ubunifu wakanunua leso sita, wakaziunganisha safu mbili za tatu tatu, wakapata vazi moja pana lenye rangi. Wafanyabiashara walipoona linapendwa, wakaagiza litengenezwe likiwa zima. Yasemekana madoadoa ya vitambaa vya mwanzo yalifanana na manyoya ya yule ndege kanga, na jina likabaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaanza kuandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini tunazozitumia sasa. Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana sana kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyopigwa chapa kwenye kanga zake. Kwa miaka mingi kanga zilipigwa chapa India, Ulaya na Japani. Baada ya Uhuru tukawa na viwanda vyetu, kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na Mwatex cha Mwanza.

Kanga ina sehemu tatu, na mama yeyote wa Ihanja anaweza kuwatajia: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati wenye picha au maua, na jina, yaani yale maneno yaliyo ndani ya kisanduku karibu na pindo la chini. Tena kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Lishikeni hilo la doti, maana tutalirudia.

Huku kwetu bara jambo moja lilikuwa tofauti na pwani. Bibi zetu walizungumza Kinyaturu, na wengi hawakujua kusoma. Walinunua kanga minadani kwa kuangalia rangi na mji, kisha wakafika nyumbani na kumwita mtoto aliye shuleni awasomee walichonunua. Wazee wamenisimulia vicheko vilivyotokea: mama mkwe aliyejitanda bila kujua maneno ya kumsuta mama mkwe, au mjane mcha Mungu aliyekuja kanisani na maneno ya mapenzi mgongoni. Kisha ikaja elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu hiyo, na kina mama wakaketi chini ya miti jioni wakifuatisha herufi. Mama mmoja aliniambia kwamba baada ya kitabu cha kisomo hakuwa na kitu kingine cha kusoma nyumbani isipokuwa kanga zake, akazisoma zote, moja baada ya nyingine, na siku hiyo ndipo alipofahamu alichokuwa akikitangaza kijijini kwa miaka kumi.

Basi, katika sanduku langu zipo zilizo rahisi kufasiriwa. Kipo kitenge cha ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Septemba 1990, chenye picha yake. Ipo kanga ya maombolezo ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki Oktoba 14, 1999. Ipo ile iliyochapwa Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka 2008, yenye sura yake katikati, na chini yake maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu". Vipo vitenge vya WAWATA vya miaka mbalimbali. Vitambaa vya namna hii hupendwa na wakusanyaji, na hata Makumbusho ya Uingereza mjini London yalionyesha kanga katika maonyesho ya nguo za Afrika mwaka 2013. Sababu yaeleweka: picha ipo, mwaka wajulikana, na mgeni asiyemjua aliyeivaa aweza kueleza habari yake bila msaada wa mtu.

Lakini vitambaa vilivyo kimya vyahitaji zaidi. Ili niwaeleze ugumu wake, niruhusuni niende mbali kidogo, kisha nitarudi Ihanja.

Nilipokuwa masomoni Ulaya nilionyeshwa mazulia ya Afghanistan. Nchi ile ina ufundi wa kale wa kufuma mazulia ya sufu kwa mkono, fundo kwa fundo, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake na wasichana. Michoro yake ya asili ni maua, ndege, miti na mistari ya pembe. Desemba 1979 majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliingia katika nchi ile, na hayakuondoka hadi Februari 1989. Katika miaka hiyo mazulia yakabadilika. Mahali pa ua pakaonekana kifaru; mahali pa ndege pakaonekana helikopta; pindoni, pale palipozoeleka majani, zikapangwa bunduki za Kalashnikov na mabomu ya mkono. Mengine yalifumwa na wakimbizi waliokuwa Pakistan. Watu wa Ulaya na Marekani wakayaita mazulia ya vita, wakaanza kuyanunua na kuyakusanya, na baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalifumwa hata mazulia yenye picha ya minara ya New York.

Lililonigusa zaidi lilikuwa mabishano ya waliokuwa wakiyaeleza. Mmoja alisema kwamba lile zulia ni kilio cha mama aliyepigiwa nyumba mabomu. Wa pili akasema ni sifa kwa wapiganaji. Wa tatu akasema ni biashara tu: mfanyabiashara aliona vifaru vinauzika, akaagiza vifaru. Huenda kila mmoja alisema kweli kuhusu zulia fulani. Lakini kuhusu lile lililokuwa mbele yetu hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa maana jina la aliyelifuma halikuandikwa popote. Zulia lilikuwa limepita mikono ya wachuuzi kutoka mji hadi mji, na katika kila mkono bei yake iliongezeka na habari yake ikapungua.

Nilijiuliza swali ambalo limekaa nami tangu wakati huo. Mwaka ule ule 1979 sisi nasi tulikuwa vitani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu ya kaskazini mwa mto Kagera. JWTZ, pamoja na wanamgambo waliokusanywa kutoka mikoa mingi, wakawarudisha nyuma, wakasonga mbele, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Je, mama zetu waliiandika wapi vita ile? Nimezikagua kanga zangu zote 41. Hamna kifaru hata kimoja. Kuna maua, korosho, nanasi, meli, nyota.

Jibu nililipata kwa bibi mmoja wa kigango chetu, na ameniruhusu niwasimulie bila kumtaja jina.

Bibi huyo ana kipande kimoja cha kanga, rangi ya udongo na nyeusi, mji wake una maua makubwa manne. Jina lake ni "Subira yavuta heri". Hakuna maneno ya kawaida kuliko hayo. Yamepigwa chapa mara nyingi, na huenda yapo dukani Singida mjini hata leo. Anayefahamu desturi ya kanga, akikutana nayo bila mwenyewe, atasema ni fumbo la mke mwenza, au ni faraja ya mchumba anayengoja mahari.

Mwishoni mwa mwaka 1978 kaka yake, kijana aliyemfuata kwa kuzaliwa, alichukuliwa pamoja na wanamgambo wengine. Kabla ya kuondoka Singida alinunua doti moja ya kanga, akamkabidhi mtu aliyekuwa akirudi kijijini. Aliagiza ikatwe: kipande kimoja apewe mama yao, kingine apewe dada yake. Hapakuwa na barua. Mama yao hakujua kusoma. Dada ndiye aliyekuwa amepitia kisomo, naye ndiye aliyemsomea mama yake maneno yale, polepole, herufi kwa herufi.

Akaivaa kwenda kisimani. Hapo likatokea asilolitazamia. Jirani yake alikuwa ameolewa miaka sita bila kupata mtoto. Mtoto wa shule alipomsomea kanga ile ilivyoandikwa, jirani akaona anasutwa: yeye aliyengoja kwa miaka sita anaambiwa subira huvuta heri na mwanamke mwenye watoto wawili mgongoni na tumboni. Akaacha kumsalimu. Kwa miezi kadhaa walichota maji katika kisima kimoja bila kusemezana. Bibi hakujua kosa lake, na jirani hakusema.

Kisha taarifa ikafika kwamba kaka yake amefia vitani na kuzikwa huko huko. Watu wakakusanyika msibani. Mama mzazi aliketi chini amejitanda kipande chake, na binti kando yake amejitanda kipande cha pili, na jirani alipoingia akaona kanga mbili zinazofanana. Akauliza. Akaambiwa zilitoka kwa nani. Bibi anasema jirani yule hakutamka neno. Alikwenda jikoni, akashika sufuria, na hakuondoka pale msibani kwa siku zote za maombolezo. Tangu siku hiyo wamekuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Mama yao alipofariki alizikwa na kipande chake. Kilichobaki ni hiki cha binti, nusu ya doti, ambacho sasa kina umri zaidi ya miaka 45.

Sasa ndugu zangu, mnunuzi alifika kwa bibi huyo kwa pikipiki. Sitaki kumsema vibaya mtu huyo. Anafanya kazi ya halali, alisalimu kwa heshima, na fedha zake ni za kweli. Alitandika kanga saba za bibi juu ya mkeka, akazipanga kwa bei. Kwa zile zilizo kamili alitoa bei nzuri. Alipofika kwenye maua manne alisema kitambaa ni cha zamani na rangi yake haipatikani tena, ila kimekosa mwenzake, hivyo thamani yake ni nusu. Bibi alimwomba ampe siku mbili, akaja kwangu.

Alikuwa na haja. Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni mkoa mwingine, na lilihitajika godoro, nauli na sare. Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi.

"Baba Paroko," alisema, "niuze au nisiuze?"

Nilimwambia kwamba kanga ni zake, na mtu asione haya kuuza nguo ili mtoto asome. Kisha, kwa kuwa nami ni mkusanyaji, nilimwuliza kama ile ya kaka yake angependa ikae katika sanduku, ili wajukuu waje waisome.

Alinitazama kwa muda. "Sanduku lako litasoma nini, Baba? Yaliyoandikwa yapo hata dukani. Yangu hayakuandikwa."

Alikuwa ameshaamua kabla hajafika. Alitaka tu kusikia nitakavyosema. Aliuza nne. Mbili alimpa mkwewe. Ile isiyo na mwenzake ataondoka nayo, kama mama yake alivyoondoka na ya kwake, na amewaagiza wanawe hivyo mbele ya mashahidi. "Kitambaa nitakwenda nacho," aliniambia, "maneno wewe andika." Nikaleta daftari, naye akasimulia haya mliyoyasoma, akanirudisha kila nilipokosea mwezi au jina la mtu. Karatasi yake imo sandukuni, imekunjwa peke yake, haina kitambaa cha kushikizwa.

Nilimwuliza pia kama ile heri ilikuja. Alifikiri kidogo, akasema kaka hakurudi, lakini jirani alirudi.

Wapendwa, nimelitafakari jambo hili majuma kadhaa. Hilo zulia lenye vifaru linapiga kelele, na bado hatujui mwenyewe alitaka kusema nini. Kanga ya maua manne haina risasi hata moja, na ndani yake mna vita vya Kagera, mama, dada, jirani tasa, kisima na msiba. Kama bibi angeiuza, ingetundikwa ukutani mahali fulani na kuandikwa: kanga, Tanzania, pamba, methali ya subira. Kila neno lingekuwa sahihi, na msomaji angeondoka bila kujua chochote. Hata upungufu wake, yaani kukosa mwenzake, uliohesabiwa na mnunuzi kuwa kasoro, ndio moyo wa habari yote: palikatwa kwa sababu kijana mmoja aliwapenda wanawake wawili na alikuwa na fedha za doti moja.

Julai 25 kila mwaka taifa letu huwakumbuka mashujaa wake, na huko Kaboya, mkoani Kagera, yapo makaburi ya askari wa vita ile. Ni vema na ni haki. Lakini kumbukumbu nyingi za vita ile zimo katika masanduku ya nyumba zetu za Ihanja, Puma, Sepuka na kwingineko, nazo hazina maandishi. Waliozipokea wanazidi kuzeeka. Sisi mapadre tunajua zaidi kuliko wengine, kwa kuwa ndio tunaoitwa kuwazika.

Kwa hiyo nawaombeni mambo machache. Mnapokwenda kuwasalimu bibi zenu, ombeni wawafungulie sanduku. Msiwaulize kwanza kanga imeandikwa nini; ulizeni nani aliileta. Andikeni jina la aliyetoa, la aliyepokea, mwaka, na sababu, kwa kalamu, juu ya karatasi, na karatasi ishoneshwe pembeni kwa uzi. Kanga za zamani zisikae ndani ya mfuko wa plastiki, maana hushika unyevu na kuoza. Zifungeni katika kitambaa safi cha pamba, wekeni majani makavu ya mwarobaini dhidi ya wadudu, na mara moja au mbili kwa mwaka zikunjueni na kuzikunja upya mahali pengine, ili zisikatike kwenye mikunjo. Zisianikwe juani.

Na ikiwa haja italazimisha kuuza, uzeni bila aibu. Lakini msiuze kabla hamjasikia habari yake. Na bibi akisema anataka kuzikwa nayo, msibishane naye kwa ajili ya kumbukumbu wala makumbusho. Chukueni daftari, mketi.

Nawatakieni Dominika njema.